Kadenge na Mpira: Kilio cha Wasiomwona katika Mpaka wa Busia na Malaba

Joe Kadenge alifariki dunia jijini Nairobi siku ya Jumapili, tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84. Habari hizo zilifika Busia na Malaba kwa njia zile zile ambazo habari zote hufika huko: kwa redio, kwa simu za mkononi, kwa makondakta wa matatu zitokazo Kisumu na Bungoma, na kwa madereva wa malori ambao hukaa foleni wakingoja karatasi zao zigongwe mihuri na ambao, kwa kukosa la kufanya, huwa wajumbe hodari kuliko wahariri. Hazikuukuta mpaka ukiwa umetulia. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa likiendelea nchini Misri. Jumatatu ya tarehe 1 Julai, Harambee Stars walifungwa na Senegal mabao 3-0 wakaaga mashindano. Ijumaa ya tarehe 5, Cranes wa Uganda, waliokuwa wamevuka hatua ya makundi, wakafungwa na Senegal hiyo hiyo bao 1-0. Sadio Mané alifunga katika mechi zote mbili. Pande mbili za mpaka, basi, zilikuwa tayari zimeketi katika matanga madogo ya pamoja ilipowasili tanzia kubwa.

Kwamba watu walilia si jambo la kushangaza. Kadenge alikuwa mshambuliaji wa Maragoli United, kisha wa Abaluhya, na kwa muda mrefu nguzo ya timu ya taifa ya Kenya katika mashindano ya Kombe la Gossage. Na hakuna aliyebisha kwamba alistahili machozi. Linalomkabili mhakiki ni swali jingine, nalo halijibiki kwa wepesi. Wengi wa waliomlilia hawakupata kumwona akicheza. Hesabu yenyewe ni rahisi: mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1965, Kadenge alipokuwa bado anatetemesha mabeki, alikuwa na miaka 64 mwaka 2019. Waendesha bodaboda, wabadilishaji fedha, wachuuzi wa nyanya na vijana wa kupakua mizigo ambao ndio wengi katika miji hii miwili walizaliwa Kadenge akiwa amekwisha kustaafu. Hata wazee wao, isipokuwa wachache waliobahatika kusafiri hadi Nairobi au Kampala siku ya mechi, hawakumwona. Walimsikia. Kilio cha mpakani kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kilio cha masikio.

Tena walichokisikia kilikuwa kifupi mno. Kilikuwa maneno matatu ambayo watangazaji wa redio, na hasa Leonard Mambo Mbotela aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, waliyarudiarudia hadi yakawa mali ya kila mtu: Kadenge na mpira. Wataalamu wa fasihi simulizi, tangu Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walipochunguza waimbaji wa tenzi ndefu za Yugoslavia, wana jina la kitu cha namna hii. Ni fomula: fungu la maneno ambalo msimulizi hulitumia tena na tena pale mazingira yale yale yanapojirudia, ili ulimi upumzike huku akili ikitafuta la kusema baadaye. Mtangazaji wa kandanda ana haja hiyo kuliko hata manju, kwa kuwa manju aweza kupunguza mwendo wa farasi wa shujaa wake, lakini mtangazaji hana uwezo wa kupunguza mwendo wa Kadenge.

Fomula hii inafaa itazamwe kwa makini ya kisarufi, maana siri yake imo humo. Haina kitenzi. Kiswahili kamili kingedai mtu aseme kwamba Kadenge ana mpira, au kwamba yuko na mpira, au kwamba amepata mpira. Mtangazaji aliyadondosha yote hayo kwa sababu ya haraka. Na kwa kuyadondosha, akaidondosha njeo. Sentensi isiyo na njeo haina jana wala kesho. Mchezaji hajapokea mpira kwa mtu, wala hajampa mtu. Hajafunga, wala hajakosa. Amesimama katika kitambo kile ambapo lolote laweza kutokea, na msikilizaji, mkono ukiwa umeganda juu ya kikombe cha chai, anangoja. Kisha ipo ile na yenyewe, ambayo ni neno lenye sura mbili. Ni na ya kumiliki, kama mtu aliye na fedha. Lakini ni na ya ushirika vilevile, kama mtu na ndugu yake. Msikilizaji wa Busia, ambaye kwao Kiluhya husema nende pale Kiswahili kisemapo na, aliisikia hiyo ya pili kwa urahisi. Kwa sikio lake, Kadenge na mpira walikuwa wawili walioongozana njiani.

Ndiyo maana watoto waliichukua. Katika viwanja vya vumbi vya magharibi ya Kenya, mtoto aliyepata mpira wa karatasi na kamba alijitangaza mwenyewe kwa maneno hayo, akawa Kadenge hadi aliponyang'anywa, na aliyemnyang'anya akawa Kadenge naye. Jina la mtu likawa jina la hali. Huenda huu ndio utukufu wa juu kabisa ambao lugha inaweza kumpa binadamu, lakini una gharama yake, na gharama hiyo ilikuja kudaiwa siku ya msiba.

Kabla ya hapo, lazima mpaka wenyewe usemwe, kwa sababu waombolezaji wa pale si waombolezaji wa popote. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo, pamoja na vilima vya Vihiga ambako Kadenge alizaliwa mwaka 1935 na ambako alizikwa Julai ile ile ya 2019, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza waliikata na kuitia katika himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1926 amri ya mfalme iliuandika mpaka kwa maneno ya kisheria, ukifuata mito ya Sio na Malaba kwa sehemu, ukiwaacha Wasamia na Waiteso upande huu na upande ule. Inatokea kwamba mwaka ule ule wa 1926 ndipo Kenya na Uganda zilipoanza kushindania kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage. Si lazima mtu aamini kwamba matukio hayo mawili yalipangwa pamoja ili aone jinsi yanavyofanana: ili timu mbili zicheze, lazima kwanza ijulikane nani ni wa upande gani. Idi Amin alipodai mwaka 1976 kwamba sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa ya Uganda, aliegemea ramani hiyo ya zamani. Alidai ardhi. Kadenge hakumdai, ingawa kwa ramani aliyoishika mkononi alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Watu wa mpakani wamejifunza kuishi na mstari huo kwa kuudharau kwa adabu. Biashara ya bodaboda, ambayo leo imeenea Afrika Mashariki yote, ilianzia hapa katika miaka ya sitini na sabini, baiskeli zilipovusha watu na mizigo katika kile kipande cha ardhi kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi nyingine, na jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka lililorudiwa mara mbili na kutiwa irabu. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi Februari 2018, kilihalalisha tu yale ambayo baiskeli zilikuwa zimeyafanya kwa zaidi ya miaka arobaini. Mawimbi ya redio hayakungoja kituo hicho. Sauti ya Kenya ilisikika Sofia, upande wa Uganda, kama ilivyosikika Marachi, upande wa Kenya. Redio Uganda nayo ikavuka kuja huku bila kuulizwa kitambulisho. Kenya ilipocheza na Uganda, nyumba moja ya Kisamia iliweza kuwa na mjomba anayesikiliza Nairobi na mpwa anayesikiliza Kampala, wote wakiwa katika ua mmoja, na bao likasikika mara mbili.

Hapo ndipo mabishano ya Julai 2019 yalipozuka, maana hakuna msiba wa mpakani usio na mabishano. Nani ana haki ya kumlilia Kadenge? Katika mkahawa mmoja wa Busia, karibu na mahali ambapo malori hukata kona kuingia forodhani, mzee wa Kisamia alisimulia kwa urefu jinsi Kadenge alivyompita beki mmoja wa Uganda upande wa kushoto, akarudi akampita tena upande wa kulia, kana kwamba alikuwa amesahau kitu. Kijana mwendesha pikipiki, aliyekuwa amesikiliza kwa heshima hadi hapo, akashindwa kuvumilia.

"Kuka, ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimsikia," mzee akasema.

"Kusikia si kuona, kuka."

"Na wewe, mjukuu wangu, huyo Mané uliyemlaani wiki nzima, ulimwona wapi?"

"Kwenye televisheni."

"Basi mimi nilikuwa na redio. Tofauti yetu ni kwamba mimi sauti ilinilazimu nimjenge mwenyewe. Wako uliletewa ameshajengwa."

Jibu hilo lilisababisha kicheko, kama ilivyokusudiwa, lakini si la kupuuzwa. Mzee huyo, bila kutumia istilahi yoyote, alikuwa ametetea nadharia nzima ya upokezi. Msikilizaji wa redio hapokei mchezaji. Hupokea sauti iliyopanda na kushuka, majina kumi na mawili au kumi na matano, kelele za umati, na fomula. Kutokana na hayo huchonga mwili, kimo, mwendo wa miguu, hata jasho. Kadenge wa Busia, kwa hiyo, hakuwa mmoja. Palikuwa na Kadenge mrefu na Kadenge mfupi, kulingana na aliyesikiliza. Aliyekufa Nairobi tarehe 7 Julai alikuwa mtu mmoja, lakini mpakani wakafa wengi, kila mmoja akiwa na fundi wake aliyemchonga. Mtu humlilia kwa namna ya pekee yule aliyemfanyia kazi, na hakuna sababu ya kumwona mwombolezaji wa namna hii kuwa mwizi wa msiba wa wengine.

Hata hivyo, katika mkahawa ule ule palikuwapo sauti iliyoyakata mazungumzo hayo, na mhakiki atakuwa amefanya kazi nusu akiiacha. Ilikuwa sauti ya mama muuza samaki aliyekuja kudai fedha zake. Aliwasalimu wazee, akapokea salamu, akasikiliza kidogo, akauliza: "Baba zangu, huyu ndiye yule aliyekuwa anaendesha teksi Nairobi?" Wakamwambia ndiye. "Na katika nyinyi mnaomlilia, nani aliwahi kupanda?"

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa kweli, na ilijulikana na wote, kwamba Kadenge baada ya kuacha kucheza, na hata baada ya kuwa mkufunzi wa Harambee Stars mwaka 2002, alipata riziki yake kwa kuendesha teksi jijini hadi uzeeni. Wachezaji wa kizazi chake hawakulipwa mishahara ya kandanda. Walipewa kazi katika mashirika na makampuni, wakacheza jioni na mwisho wa juma, na walipochoka, nchi ikabaki na jina nao wakabaki na miili. Katika nchi ambamo kila mtoto alijiita kwa jina lake, mwenye jina alikuwa akingoja abiria. Yawezekana kabisa kwamba baadhi ya abiria hao waliitamka ile fomula ndani ya gari, wakimcheka rafiki aliyekawia na jambo, bila kujua nani ameshika usukani.

Hii ndiyo gharama iliyotajwa hapo juu. Fomula isiyo na njeo ilimweka Kadenge mahali ambapo hawezi kuzeeka. Kwa kuwa haina jana, haikuweza kusema kwamba alikuwa na mpira; kwa kuwa haina kesho, haikuuliza atakula nini mpira ukiisha. Sifa ilichukua nafasi ya malipo, na kwa sababu ilikuwa sifa nzuri, hakuna aliyeona deni. Wapo watakaosema kwamba hilo ni kosa la vyama vya michezo na serikali, wala si la lugha. Ni kweli, lakini kweli hiyo haitoshi. Lugha ya sifa ina namna yake ya kuwafanya wasifuji waamini kwamba wamekwisha kutoa. Katika majigambo ya jadi shujaa hujisifu mwenyewe mbele ya watu, na baada ya kujisifu huketi akapewa nyama. Kadenge hakujisifu. Alisifiwa na mtu mwingine, kwa mashine, mbele ya watu asiowaona, na nyama ikapotelea njiani.

Inafaa hapa kumkumbuka Fumo Liyongo, ingawa pwani ni mbali na Busia. Katika kisa chake, kama kilivyotungwa na Muhamadi Kijumwa katika utendi wake maarufu, shujaa anayechomwa kitovuni na mwanawe hufa akiwa amepiga goti kisimani, uta mkononi, na watu wa mji wanakosa maji kwa siku kadhaa kwa kuwa hawajui kama amekufa. Wanamtuma mama yake akambembeleze. Wahakiki wengi wameshughulikia usaliti wa mwana. Wachache wamekaa na kile kisima. Watu wale walikuwa na uhusiano na umbo, na umbo lilikuwa bado limesimama tayari kupiga. Hawakuweza kuomboleza kwa sababu umbo halikuonyesha kifo. Kadenge wa fomula naye amekaa katika umbo la namna hiyo: tayari kupiga, miaka hamsini, bila kupiga. Tofauti ni kwamba watu wa Liyongo waliogopa umbo, ilhali watu wa Busia walilipenda. Lakini katika hali zote mbili mtu halisi aliteseka nyuma ya umbo lake, na waliokuwa mbele hawakuona.

Je, basi, kilio cha wasiomwona kilikuwa cha uongo? Jibu la yule mama, kama lingefuatwa hadi mwisho wake, lingekuwa ndiyo. Lakini kuna ushahidi wa upande mwingine, nao unatoka katika desturi za maombolezo za eneo hilo lenyewe. Miongoni mwa Wabukusu, majirani wa Malaba upande wa mashariki, mzee mwenye hadhi anapokwisha kuzikwa, hufanyika khuswala kumuse: mwenye kipawa cha maneno hutembea katikati ya umati akizungumza juu ya historia ya ukoo, juu ya vita na njaa na koo zilizohama, na juu ya namna watu wanavyopaswa kuishi sasa. Asemaye hatakiwi kuwa amemwona marehemu ujanani. Wala wasikilizaji hawatakiwi. Marehemu ni mlango, na kinachopita mlangoni ni mambo ya walio hai. Aliyezoea desturi hiyo hataona ajabu kwamba vijana wa Busia walipomlilia Kadenge walizungumza zaidi juu ya Harambee Stars ya wiki ile, juu ya viwanja vilivyogeuzwa kuwa maegesho ya malori, na juu ya vijana wa mtaani kwao wenye vipaji ambao sasa wanasukuma mikokoteni. Hayo yote yalikuwa sehemu ya kilio. Kulikuwa pia na disko matanga, kwa kuwa siku hizi vijana wa magharibi ya Kenya hutafuta kisingizio chochote cha kukesha na muziki, lakini hilo halihitaji maelezo.

Malaba, kilio kilichukua sura nyingine. Mji huo umejengwa kwa kungoja: reli iliyopita hapo kuelekea Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na barabara ambayo malori yake hupanga foleni kwa kilomita kadhaa. Wazee wa Kiteso hukaa kuzunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake mrefu, na chungu hakiulizi nani ni wa Kenya na nani ni wa Uganda. Hapo Kadenge alilinganishwa na Philip Omondi, mfungaji wa Uganda aliyeipeleka Cranes hadi fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978 mjini Accra na aliyefariki mwaka 1999. Ulinganisho huo una maana yake. Omondi ni jina ambalo Mkenya angelidai mara moja kuwa la Kisumu, na mwenyewe alikuwa Mganda. Waombolezaji wa Malaba walijua vizuri sana kwamba majina hayasemi uraia, na hawakupoteza wakati kuhoji kwa nini mtu wa upande wa pili alilie mchezaji aliyewafunga. Mzee wa Uganda pale alikuwa na sababu ya kulia iliyo bora kuliko ya Mkenya: Mkenya alimpenda Kadenge kwa sababu ya mabao, Mganda alimpenda licha ya mabao.

Alitajwa pia James Siang'a, kipa wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, aliyefariki katika kaunti ya Bungoma mwezi Septemba 2016, mwendo usio mrefu kutoka Malaba. Siang'a alikuwa mkufunzi wa Simba ya Dar es Salaam ilipowatoa Zamalek wa Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, mwaka 2003, na machozi yake kwa kiasi kikubwa yalimwagika Tanzania. Kwao alizikwa kwa heshima, lakini bila ule mtikisiko. Wachezaji hao wawili wakitiwa katika mizani ya kazi, pengine Siang'a hataonekana mwepesi hata kidogo. Alichokosa ni fomula. Golikipa hana mpira. Huuzuia, kisha huutoa. Redio haikupata maneno matatu ya kumbebea jina lake hadi katika viwanja vya watoto, na kwa hiyo hapakuwa na watoto waliokuwa yeye.

Haya yanaifikisha hoja kwa mtangazaji, ambaye si kawaida yake kutajwa katika majarida ya uhakiki. Leonard Mambo Mbotela alitoka katika ukoo wa Frere Town, Mombasa, ukoo ule ule wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa; kwa hiyo masimulizi hayakumjia kama jambo geni. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, lakini kilisikilizwa na watu ambao wengi wao walikuwa wakijifunza lugha hiyo kwake. Nchini Uganda, ambako Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya jeshi na kuogopwa kwa sababu hiyo, mtu wa Sofia au Tororo aliweza kukisikia kupitia redio ya jirani kikifanya kazi ya furaha. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimlazimisha Mbotela kutangaza kwamba serikali ya Kenya imepinduliwa. Walimchagua kwa sababu walielewa jambo ambalo wahakiki wamechelewa kulielewa: sauti iliyowahakikishia watu kwa miaka mingi kwamba Kadenge ana mpira, bila wao kuona, ingeweza kuwahakikishia lolote.

Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, naye pia akiwa na umri wa miaka 84. Mpakani, waliompa pole wenzao walifanya hivyo kwa kuitamka fomula ya Kadenge. Hilo likaleta mkanganyiko kidogo kwa vijana, ambao baadhi yao walidhani kwamba aliyekufa ni mchezaji, na ikabidi waelezwe kwamba mchezaji alikuwa ametangulia karibu miaka sita kabla, na kwamba huyu ndiye aliyekuwa akisema. Uwanja wa City katika Barabara ya Jogoo, Nairobi, ulikwisha kupewa jina la Joe Kadenge baada ya kifo chake, ingawa makondakta wa matatu wanaendelea kuuita City wanapowashusha abiria.